Umepewa kazi ya kupanga upya wakala wa maafa wa taifa? Soma hii kabla hujachora muundo

Maswali ni yale yale kila baada ya janga kubwa. Mtu kaingizwa kwenye timu ya kupanga upya wakala wa maafa, kapewa barua na miezi mitatu, na cha kwanza anachoomba ni mfano wa muundo, yale maboksi na mistari, ili akopi abadilishe majina. Nimeshajibu hili kwa vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka lote hapa na mwenzako akiuliza mpe hii.

Jibu fupi: maboksi ndo kitu cha mwisho kuchora. Ukianza nayo wiki mbili zinaisha mnabishana nani awe mkurugenzi na nani aripoti kwa nani, afu siku maji yakiingia majumbani saa nane usiku hakuna anayejua nani ana mamlaka ya kusema boti zitoke. Hicho ndo kipimo pekee ninachotumia mimi, saa nane usiku, na karibu kila kitu huko chini kinarudi hapo.

Nadharia ni hii tu: kazi ya maafa ina vipande vinne, kupunguza hatari mapema, kujiandaa, kukabiliana likishatokea, na kurejesha hali. Vinategemeana, ukikata vibaya kimoja kinaangusha vingine. Basi, twende.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Sheria zote zinazogusa maafa, sio ile tu yenye neno maafa kwenye jina. Zimamoto, afya ya jamii, mabwawa, hali ya hewa, serikali za mitaa, jeshi, manunuzi, fedha za umma. Zichape kwenye karatasi maana utaziandika pembeni sana.
- Ripoti za tathmini za majanga matatu ya mwisho, zile za ndani zenye lawama, sio zile zilizosomwa mbele ya kamera.
- Ikama, yaani nafasi za kazi zilizoidhinishwa, pamoja na orodha ya watu waliopo kweli kazini. Usishangae ukikuta ni vitu viwili tofauti.
- Daftari la mali: maghala, mahema, boti, redio, jenereta, na kitu ambacho hakuna anayekiandika, funguo za ghala anazo nani wikiendi.
- Kalenda ya hatari: mvua miezi gani, vimbunga lini, ukame, msimu wa moto. Hii itakuamulia tarehe ya kuhama.
- Mtu wa hazina awe mjumbe kamili wa timu. Akija kama mwalikwa siku ya mwisho atakataa nusu ya kazi yako, na atakuwa na haki.
- Mkubwa mmoja anayeweza kuwaita mawaziri kikaoni na wakaja wenyewe, wasitume wawakilishi. Kama huna huyu, tafuta kwanza, usiendelee.

Hatua ya 1: Andika usiku mmoja, saa kwa saa

Chukua janga kubwa la mwisho. Waite waliokuwa zamu, sio mabosi wao. Opereta wa redio, dereva, mtunza stoo, afisa wa zamu wa hali ya hewa, muuguzi wa mapokezi. Waulize taarifa ilikufikia saa ngapi na kwa njia gani, ulimpigia nani, alipokea au hakupokea, ulisubiri ruhusa ya nani na kwa muda gani. Bandika karatasi ndefu ukutani uandike yote kwa mpangilio wa saa, na kila mtu akisema "nikasubiri" weka alama nyekundu.

Zile alama nyekundu ndo kazi yako. Mengine yote ni mapambo.

Sio wewe tu utakayezikuta. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko lilipiga Kobe kule Japani saa 11:46 alfajiri. Kwa utaratibu wa wakati ule jeshi lilitakiwa lisubiri ombi rasmi la gavana ndo liingie kwa nguvu zote, simu zinashika kwa shida, ombi likaja kwenye saa 4 asubuhi. Walikufa watu zaidi ya 6,000, wengi nyumba ziliwaangukia dakika za mwanzo kabisa kwa hiyo sisemi wote wangepona, ila masaa manne ni masaa manne. Na hiyo ni nchi iliyokuwa na sheria ya msingi ya maafa tangu 1961! Sheria ilikuwepo, alama nyekundu ikawepo ndani yake, na waliilegeza baada ya kuumia.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi, sio ofisi

Sasa andika kila kazi inayotakiwa kufanyika, moja moja: kupima mvua na mito, kutangaza tahadhari, kuamuru watu wahame, kuokoa, kutibu, kutambua miili na kuwajulisha ndugu, kugawa mahema, kulinda watoto waliopotezana na wazazi, kusajili walioathirika, kurudisha umeme na maji, kutathmini hasara, kujenga tena. Mara nyingi zinafika 40 na zaidi. Kwa kila moja jaza safu tatu: nani anatajwa na sheria, nani anafanya kiukweli, nani analipa.

Pale safu tatu zinapotaja watu watatu tofauti kuna tatizo. Safu ikiwa tupu tatizo ni kubwa zaidi, na safu tupu huwa zinajificha katikati ya taasisi mbili nzuri. Angalia Indonesia. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa volkano ya Anak Krakatau uliporomoka baharini, mawimbi yakapiga pwani za mlango wa bahari wa Sunda, watu zaidi ya 400 wakafa na hakuna tahadhari ya tsunami iliyowafikia kabla. Mfumo wa tahadhari ulitengenezwa kusikiliza matetemeko ya ardhi. Matetemeko na tsunami yako kwa taasisi ya hali ya hewa, volkano ziko kwa taasisi ya jiolojia chini ya wizara ya nishati, na tsunami inayoletwa na volkano ikapita katikati yao kama maji yanavyopita katikati ya vidole. Ukipitia orodha yako tafuta tsunami yako ya namna hiyo.

Hatua ya 3: Amua wakala akae wapi

Chaguo ni tatu tu kwa kawaida: chini ya ofisi ya mkuu wa serikali, ndani ya wizara, au mamlaka inayojitegemea yenye bodi. Ushauri wangu, akae karibu kadri inavyowezekana na yule anayeweza kuziamuru wizara zote. Waziri mmoja hawezi kumwamuru waziri mwenzake, atamwomba, na ombi linachukua siku.

Mfano unaofundisha kuliko yote nadhani ni FEMA, wakala wa maafa wa Marekani. Iliundwa 1979 kwa kukusanya kazi zilizokuwa zimetawanyika kwenye ofisi nyingi, na mkuu wake alikuwa anaripoti kwa Rais moja kwa moja. Machi 2003 ikaingizwa ndani ya wizara mpya ya usalama wa ndani ambayo akili yake yote ilikuwa kwenye ugaidi, na jambo hilo linaeleweka ukikumbuka mashambulizi ya Septemba 2001. Ila kuanzia hapo kati ya mkuu wa FEMA na Rais kukawa na waziri, na ndani ya wizara FEMA ikawa kitengo kimoja kati ya vingi vinavyogombania hela na watu. Agosti 2005 kimbunga Katrina kikaikuta hivyo. Sheria ya 2006 haikuitoa FEMA wizarani lakini ilimpa mkuu wake njia ya kumshauri Rais moja kwa moja, ikazuia wizara kuinyang'anya kazi zake hovyo, na ikaweka sharti kwamba mkuu awe mtu anayeijua kazi ya dharura na mwenye uzoefu wa uongozi usiopungua miaka 5.

Kwa hiyo ukilazimishwa kubaki ndani ya wizara, na mara nyingi utalazimishwa tu, pigania hayo mambo matatu yaandikwe kwenye sheria kabisa. Waraka unafutwa na waraka mwingine kesho yake.

Hatua ya 4: Usitenganishe wanaojiandaa na wanaookoa

Hii naiweka peke yake maana kila timu niliyoiona inajaribiwa nayo. Inaonekana nadhifu sana: idara moja ya maandalizi, mipango na mafunzo, nyingine ya operesheni, tena ikiwezekana kwenye wizara tofauti. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye maisha wale wa mipango wanaandika mipango ambayo hawatakuja kuitekeleza, na wale wa operesheni wanapokea kitabu kinene ambacho hawakushirikishwa, wanakiweka juu ya kabati.

Ndo kilichoipata FEMA pia. Kazi za maandalizi zilinyofolewa zikapelekwa kwenye vitengo vingine vya wizara ile ile, na baada ya Katrina ile ile sheria ya 2006 ikazirudisha. Ukitaka vitengo viwili sawa, ila viwe chini ya bosi mmoja na watu wazunguke, aliyeandika mpango wa mafuriko mwaka huu msimu ujao akakae zamu.

Hatua ya 5: Nani anaamuru, na akikosekana?

Tengeneza ngazi, tatu au nne zinatosha. Kwa kila ngazi andika kinachoiwasha (kina cha mto, idadi ya kaya, uwezo wa wilaya kuishiwa), nani anatangaza, anaruhusiwa kufanya nini bila kumuuliza mtu. Hiyo ya mwisho ndo yenye nyama. Afisa wa zamu lazima awe na vitu anavyoweza kuamuru akiwa peke yake: kutoa tahadhari, kutoa magari, kufungua ghala, kuomba helikopta. Kama kila kitu kinasubiri kikao basi mna kamati, hamna wakala.

Kila nafasi ya amri iwe na watu watatu kwa mfuatano, kwa majina na namba za simu. Wa kwanza kasafiri, wa pili mgonjwa, wa tatu yupo.

Uwanjani tumia mfumo wa amri wa tukio, usibuni wako. Ulitokana na moto mkubwa wa misitu wa California mwaka 1970, zimamoto za maeneo mbalimbali zilikutana hata hawaelewani lugha ya redio. Unagawa kazi sehemu tano, amri, operesheni, mipango, vifaa na usafirishaji, fedha na utawala, na mtu mmoja asisimamie zaidi ya watu saba, wakiwa watano ndo vizuri. Askari, daktari na mtu wa msalaba mwekundu wote wanajifunza ndani ya siku chache.

Angalizo: kuongoza operesheni sio cheo. Kwenye tukio lenye sumu mtaalam wa kemikali anaweza kuwa juu ya kamishna, na hilo liandikwe mapema kwa sababu siku yenyewe hakuna kamishna atakayelikubali kwa hiari.

Hatua ya 6: Pesa

Mifuko miwili, usiichanganye. Mmoja wa kazi za kila siku na maandalizi, mwingine wa dharura ambao ukitumika unajazwa tena. Ukichanganya, janga la Machi linakula mafunzo ya mwaka mzima. Andika nani anasaini, kiasi gani bila kibali cha juu, na fedha zitoke ndani ya masaa mangapi.

Manunuzi: ingieni mikataba ya bei na wauzaji wa mahema, mafuta, maji na usafiri wakati wa utulivu, siku ya janga unaita tu oda. Mkaguzi ashirikishwe tangu hapa. Watu wanamwogopa mkaguzi ila mimi naona ndo rafiki yako, fomu fupi mliyokubaliana nae mapema inaokoa afisa wako asiache hema dukani kwa kuogopa kufungwa jela.

Hatua ya 7: Shusha mamlaka mpaka chini

Anayefika kwanza ni jirani. Halafu kijana wa mtaa, halafu zahanati, halafu wilaya, na wakala wa taifa anafika mwisho hata akiwa na ndege. Kwa hiyo muundo unaoishia makao makuu ni nusu muundo.

Bangladesh ndo shule ya jambo hili. Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wanaokadiriwa 300,000 au zaidi. Mwaka 1972 wakaanzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga, serikali na hilali nyekundu kwa pamoja, watu wa kujitolea vijijini wenye bendera, vipaza sauti na redio, wanaenda nyumba kwa nyumba kusema toka, kimbilia kwenye jengo la hifadhi. Leo wako zaidi ya 70,000 na karibu nusu ni wanawake, jambo ambalo sio pambo, maana kuna nyumba mwanaume mgeni hagongi mlango. Vimbunga vikubwa vimeendelea kuja na vifo vimeshuka mno ukilinganisha na mwaka ule. Makao makuu yao hayakuamka siku moja yakawa na akili kuliko ya wengine, mnyororo tu unafika mlangoni.

Kwa vitendo: kila wilaya iwe na mtu mmoja ambaye maafa ndo kazi yake, sio afisa utamaduni aliyeongezewa. Awe na kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, hata ndogo, na ruhusa ya kuhamisha watu bila kusubiri taifa.

Hatua ya 8: Watu

Kabla ya tangazo lolote la nje waambie wafanyakazi wenyewe, kwa mdomo, wakiwa wamekaa. Nani anahama, nani anabaki, mshahara na pensheni vinakuwaje, nani atakuwa bosi wake. Usiposema watajisemea, na stori ya korido siku zote ni mbaya kuliko ukweli.

Tafuta wale wazee wanaojua daraja gani hufurika kwanza na chifu yupi anasikilizwa. Hawana vyeti vipya na kwenye usaili watashindwa na vijana wenye slaidi. Walinde, na uwape vijana wa kukaa nao waandike.

Hatua ya 9: Hama, lakini sio msimu wa hatari

Toa ile kalenda. Siku ya kuhama iwe mwanzoni mwa kipindi kirefu zaidi cha utulivu. Kwa miezi miwili hivi kituo cha zamani na kipya viende pamoja, zamu mbili, gharama mbili, ndio ni ghali, ubishi wa hazina utakuwepo, shikilia.

Namba ya simu ya dharura isibadilike. Ikibidi kubadilika ya zamani iendelee kuita kwenye dawati jipya kwa mwaka mzima. Nimeshawahi kukaa kwenye zoezi la usiku, wakala umeshahamia jengo jipya linalong'aa, tukapiga namba iliyobandikwa kwenye mabango ya wilaya zote. Iliita. Ikapokelewa na mlinzi wa jengo la zamani, mstaarabu kabisa, akatuambia wameondoka jaribuni kesho.

Makabidhiano yawe kwa maandishi na kwa macho: masijala, maghala, nywila, mikataba inayoendelea, madeni, na ahadi zilizotolewa kwa waathirika wa janga lililopita. Hizo ahadi zisipokabidhiwa zinakufa, na watu hawazisahau.

Hatua ya 10: Zoezi kabla ya kukata utepe

Anza na zoezi la mezani, mnakaa mnapitia janga la kufikirika kwa maneno tu, nusu siku. Baadae zoezi kamili usiku bila kutangaza saa. Mtoe mkuu katikati ya zoezi, sema kakwama kwenye lifti, uone. Zima mtandao wa simu. Rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya 1 ulinganishe: alama nyekundu ngapi zimefutika? Zikiwa zile zile, muundo mpya ni rangi mpya kwenye ukuta wenye ufa.

Ikikwama

Wizara mbili zinagombania kazi moja. Usiziulize nani anaitaka, uliza nani aliifanya mara ya mwisho na kwa vifaa gani. Msipoelewana mpe mmoja kuongoza na mwingine kusaidia, yaandikwe kwenye sheria na majina yote mawili.

Wakubwa wanataka taasisi ivunjwe kama adhabu. Hii inakuja moto moto baada ya aibu. Korea Kusini baada ya meli ya Sewol kuzama Aprili 2014 na kuua watu 304 ilivunja kikosi chake cha pwani, Novemba mwaka huo kikamezwa na wizara mpya ya usalama wa umma. Julai 2017 wizara ikavunjwa yenyewe, kikosi kikarudi. Haikufika miaka mitatu. Waoneshe hiyo, afu wapendekezee uchunguzi wa watu na utaratibu kwanza.

Jeshi halitaki kuwa chini ya raia. Haliwi chini. Linapewa kazi na mratibu, amri ya ndani inabaki yao. Weka afisa wao wa kudumu kwenye kituo chenu cha operesheni, ashike zamu kama wengine, utashangaa ugomvi unavyopoa.

Janga limetokea katikati ya kuhama. Simamisha uhamisho saa hiyo hiyo kwa maandishi, utaratibu wa zamani unashika usukani wote, hata kama ni mbovu, kwa sababu angalau watu wanaujua. Utaendelea baada ya wiki kadhaa, ukiwa na karatasi mpya ya usiku mmoja ambayo hukuilipia.

Tahadhari ilitoka watu hawakuhama. Kabla hujawalaumu nenda kawaulize. Mara nyingi walisikia kiasi cha mvua kwa milimita, hawakuambiwa maji yatafika wapi, waende wapi, na ng'ombe wao wataachwa na nani. Tahadhari isiyojibu swali la ng'ombe haihamishi mtu.

Bajeti imekatwa nusu. Kata majengo, magari ya mabosi na nembo mpya, kwa mpangilio huo. Usiguse zamu ya usiku, redio na yule mtu wa wilaya.

Mkuu mpya kaja na anataka muundo wake. Mpeleke kwenye ile karatasi ya ukutani kabla hajakaa ofisini. Msomee alama nyekundu moja moja, umuulize maboksi yake yanafuta ipi.